Nyama ya Kukatiwa

Kwa miaka minane Delmar Stroik alitembea na sifa ya kusema neno la kuchekesha kuliko yote yaliyopata kusemwa katika ukumbi ulio chini ya kanisa lao. Ilikuwa siku ya karamu ya nyama za porini, ile ya kila Oktoba, ambapo kila mwindaji wa parokia huleta alichonacho kwenye friza na akina mama hukipika. Norbert Wanta, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa amepasuliwa moyo mapema mwaka ule, na daktari alikuwa amemkataza kuvuta upinde. Basi Norbert akanunua upinde wa mtambo, ule uliolazwa kama msalaba juu ya kitako cha bunduki, ambao ugwe wake huvutwa mara moja ukanaswa, kisha ukangoja mpaka mtu abonyeze kifyatulio kwa kidole. Alikuwa akiwaeleza watu wa meza yao unavyofanya kazi, kwa furaha ya mtu aliyedhani hatawinda tena maishani. Delmar akaweka uma chini, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Mwanamume mwenye upinde wa mtambo ni yule ambaye mama yake bado anamkatia nyama."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Padre alicheka mpaka akapaliwa na bia. Norbert naye alicheka, tena kwa sauti. Mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya msimu kufunguliwa, alipiga simu akasema safari hii atawinda kwenye msitu wake mwenyewe, nyuma ya ghala lake, kwa kuwa mguu unamsumbua na kutembea mbali hawezi. Delmar akasema sawa. Hakuuliza ni mguu upi.

Kabla ya hapo walikuwa wamekaa pamoja misimu thelathini na mmoja, bega kwa bega, juu ya ulingo wa viti viwili uliofungwa kwenye mwaloni mpakani mwa shamba la mahindi la Delmar. Baada ya hapo kiti cha pili kilibeba chupa ya kahawa na mfuko wa mkate. Wakikutana kanisani au dukani, walizungumzia mvua na timu ya mpira, wakaagana vizuri tu. Ukiwaona ungesema hawana neno.

Lakini hujafa hujaumbika. Mwezi wa tatu mwaka huu Delmar, mwenye miaka sitini na tisa, aliteleza kwenye barafu akienda bandani, akaanguka juu ya bega lake la kulia. Walimpasua, wakamshona, wakamfunga mkono kifuani wiki sita. Mwisho daktari akamwambia kwamba chochote kizito kuliko galoni moja ya maziwa, mkono ule usikivute tena.

"Upinde wangu ni zaidi ya galoni," Delmar alisema.

"Basi utundike ukutani," daktari alisema.

Akautundika. Kila asubuhi alipokunywa kahawa aliuona, na kila alipouona alihisi kama mtu aliyefukuzwa kwao. Msimu ungefunguliwa katikati ya Septemba, na tangu akiwa na miaka kumi na miwili hakuwahi kuukosa hata mmoja. Si kwamba walikosa nyama. Friza ilijaa ng'ombe. Alichokiogopa ni ile Jumamosi ya kwanza, jua likichomoza juu ya mahindi, naye yuko jikoni amevaa ndala.

"Si ununue mtambo," alisema mkewe, Rosalie. Rosalie alikuwa mpishi wa shule miaka ishirini na sita, na hakuna mtu aliyemtisha tangu hapo.

"Afadhali nife."

"Ukifa hutawinda vilevile."

Mwezi wa nane ulipoingia Delmar alisema anakwenda kutafuta kipuri cha trekta. Akapita maduka mawili ya vifaa vya uwindaji yaliyo karibu, ambako kila mtu anamjua, akaendesha saa nzima mpaka mji wa Wausau, kwenye duka ambalo hajawahi kukanyaga. Hata huko alizunguka kwanza upande wa nyavu za samaki, akiangalia kama kuna mtu wa parokia, kisha ndipo akajongea ukutani.

Ilikuwepo mitambo kama thelathini, imetundikwa kama mapaja ya nguruwe kwenye bucha. Muuzaji alikuwa binti mmoja anayeitwa Kendra, nywele amezifunga nyuma, mikono ina makovu madogo ya mtu anayefanya kazi kwelikweli.

"Karibu, mzee. Unawindia ulingoni au kwenye kibanda cha chini?"

"Ulingoni."

"Na mkono wako upoje? Naona unalilinda hilo bega."

"Bega halina neno," alisema Delmar. "Upi una kasi kuliko yote?"

"Upo huu. Lakini kasi siyo jambo la kwanza kuuliza. Jambo la kwanza ni kama unaweza kuukoki mwenyewe, kuuvuta ugwe mpaka unase. Ngoja nikutolee minne, uketi, ujaribu mmoja mmoja..."

"Binti yangu, mimi nimevuta upinde kabla mama yako hajazaliwa. Nipe huo."

Kendra akamtazama kidogo, kisha akautoa. Ulikuwa mkubwa, mabawa yake mapana, mweusi, wa kutisha. Kendra akaweka mguu kwenye pete ya mbele, akashika kamba ya kuvutia kwa mikono miwili, akanyanyuka mara moja, ugwe ukalia tak! mahali pake. Delmar akapelekwa nyuma ya duka kwenye shabaha, akafyatua mshale mmoja, ukaingia katikati kabisa. Alijisikia kijana wa miaka thelathini. Akalipa, akaufunga mtambo kwenye blanketi, akaufukia chini ya magunia ya chakula cha ndama nyuma ya gari.

Kesho yake, Rosalie alipokwenda kwa msusi, akautoa. Alibandika sahani ya karatasi kwenye robota moja la nyasi kavu, akahesabu hatua ishirini. Ndivyo watu wa kwao wanavyojipima: sahani ya karatasi ni ukubwa wa mahali moyo na mapafu ya kulungu yalipo, na asiyeweza kuipiga sahani haendi msituni. Akaweka mguu kwenye pete, akashika kamba, akavuta.

Mkono wa kushoto ulikuja. Wa kulia ulikataa katikati ya njia. Akapumzika, akavuta tena, akauma meno, akatukana kwa Kipolandi cha bibi yake, na mara ya nne ugwe ukanasa. Hakutazama kama umenasa sawasawa. Mtu aliyezoea upinde wa mkono hatazami jambo hilo, kwa kuwa upinde wa mkono hujinyoosha wenyewe. Mtambo ukivutwa upande, unarusha upande. Jasho linamtoka, akalenga sahani, akafyatua. Mshale ulipita pembeni mwa robota, ukavuka uzio, ukapotea.

Aliutafuta kwenye nyasi mpaka gari la Rosalie lilipoingia. Akaficha mtambo bandani, akaingia ndani, akakaa mezani kama mtu anayesoma gazeti.

Baada ya robo saa Rosalie aliingia kwa mlango wa nyuma amekumbatia boga. Lilikuwa boga lake kubwa, lile alilolinywesha maziwa tangu Juni kwa ajili ya maonyesho ya kanisa. Mshale umelitoboa huku ukatokea kule. Akaliweka juu ya gazeti.

"Del," alisema, "huyu ni dume au jike?"

Delmar alitazama boga, akatazama mkewe, na hakupata pa kujificha. Akasema yote: Wausau, blanketi, magunia, bega.

"Kumbe," alisema Rosalie. Akavuta kiti, akaketi, na sauti yake ikawa laini kidogo. "Sasa sikiliza. Katika wilaya hii yuko mtu mmoja anayeijua mitambo hii kuliko wanaoiuza."

"Usimtaje."

"Sijamtaja. Umemfikiria wewe."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Delmar aliinama kwelikweli, maana alipofika kwa Norbert alimkuta amelala chali chini ya mashine ya kukatia nyasi, ananoa visu kwa tupa. Kilichoonekana ni viatu tu. Delmar alipiga magoti kwenye changarawe, akaongea na viatu.

"Norb."

"Nani huyo?"

"Unajua nani."

"Sauti kama naijua. Kuna mtu alikuwa anakuja hapa zamani."

Tupa iliendelea kusugua. Delmar akakohoa.

"Bega langu limekwisha, Norb."

"Nimesikia. Tangu mwezi wa tatu."

"Hukuja kunitazama."

"Nilileta supu ya bata."

"Ile supu ilikuwa yako? Mimi nilidhani ya akina mama wa parokia!"

"Akina mama wa parokia hawatii pilipili manga hivyo. Na ulikuwa umelala. Nilimwambia Rosalie asikuamshe." Tupa ikasugua mara mbili. "Na nikamwambia asiseme ni yangu. Ungeimwaga."

"Nisingeimwaga," alisema Delmar, na ilimuuma kwamba hakuwa na hakika. Akasogelea viatu. "Nimenunua mtambo."

Tupa ikasimama. Kisha ukatoka mlio chini ya mashine, na Delmar akaogopa, akidhani moyo wa mwenzake umeleta mambo yake tena. Ndipo akaona viatu vinatikisika. Norbert alikuwa anacheka. Alicheka peke yake humo chini mpaka akachoka, akatoka akiwa na majani kwenye masikio, akajifuta macho kwa kiganja.

"Uko wapi huo mtambo? Nioneshe."

Delmar akaufunua nyuma ya gari. Norbert aliuzunguka kama anayetazama farasi wa kuuzwa.

"Nani aliukoki dukani?"

"Binti muuzaji."

"Basi umenunua mtambo wa binti muuzaji. Kamrudishie." Akagonga bawa moja kwa kucha. "Huu ni wa kijana mwenye mabega mawili. Del, umechagua kama mtu anayenunua viatu kwa kutazama miguu ya jirani. Umerusha mishale mingapi?"

"Mmoja."

"Umepiga nini?"

Delmar akaanza kuufunika mtambo tena.

"Umepiga nini, Del?"

"Boga la Rosalie."

Norbert ilibidi ashike mlango wa gari. Alipopata pumzi alisema, "Kesho saa tatu. Vaa koti lako la baridi, lile nene, na glovu. Na uje na ndoo mbili."

"Ndoo za nini? Na koti mwezi wa nane?"

"Kuuliza umeshauliza. Sasa tii."

Kwa hiyo Kendra, siku iliyofuata, aliona wazee wawili wakiingia dukani, mmoja amevaa koti la theluji huku uso umeiva kama nyanya, mwingine amebeba ndoo mbili za plastiki na mtambo aliouuza yeye mwenyewe juzi.

"Barafu ya kuvulia samaki bado miezi minne," alisema.

"Huyu hapa ni mwindaji mkubwa," Norbert alimwambia, "amevuta upinde kabla mama yako hajazaliwa. Amekuja kujifunza kuketi."

Kendra akamtazama Delmar, akabana midomo asicheke. Akasema ule wa kwanza ataupokea bila shida, siku thelathini za kurudisha hazijaisha. Norbert akaigeuza ndoo moja juu chini katikati ya duka, akamkalisha Delmar juu yake.

"Haya. Msituni utakuwa umeketi, umevaa mzigo huu wote, vidole vimeganda. Kwa hiyo unachagua umeketi, umevaa. Mletee ile ya kuzungushwa, binti, ile yenye hendeli. Ya kamba aachane nayo."

Wa kwanza ulikuwa na hendeli ndogo. Glovu ilikwama, vidole vikateleza. Norbert akautikisia kichwa. Wa pili ulizunguka vizuri, lakini Norbert alimwambia aushike amelenga, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Alipofika sitini, ncha ya mtambo ilikuwa inacheza. Alipofika themanini, ilikuwa inalenga viatu vya Kendra.

"Kulungu hatakuuliza kama umechoka," alisema Norbert. "Mzito mbele. Rudisha."

"Unafurahi, sivyo?" alisema Delmar, jasho likimchuruzika shingoni.

"Sana. Mwaka huu sijafurahi hivi. Kidole gumba!"

Akampiga kidole gumba kwa penseli. Kilikuwa kimesimama juu ya njia ya ugwe, kama kinavyosimama kwenye upinde wa kawaida.

"Kikae chini. Ukikiacha hapo, ugwe ukirudi unaondoka nacho, halafu mlete padre akusaidie kufunga vifungo."

Ilibaki mitambo miwili. Yote ilikuwa na hendeli ya kuhamishika upande wa kushoto, upande wa mkono wake mzima. Yote miwili iliweza kufunguliwa polepole kwa hendeli ileile jioni ikifika bila mnyama, badala ya kutoboa ardhi kwa mshale ili kuulegeza. Norbert alisema hilo ndilo jambo ambalo watu wa pinde za mkono hawalifikirii hata kidogo, ndiyo maana kila mwaka kuna mmoja anayefyatua mtambo mtupu, bila mshale, akarudi nyumbani na vipande kwenye mfuko. Delmar alizungusha hendeli. Ugwe ukaja taratibu, tiki tiki tiki, ukanasa katikati sawasawa. Akazungusha kinyume, ukarudi kwa adabu. Bega la kulia halikufanya chochote. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyemwambia arudie.

"Nautaka huu," alisema, akishika ule mpana kati ya miwili. "Una kasi kidogo kushinda mwenzake."

"Ngoja."

Norbert akachukua ndoo ya pili, akaiweka kulia kwa Delmar, karibu kabisa, akaketi. Magoti yao yalikuwa yanagusana.

"Kulungu anatoka kwenye mahindi upande wangu. Geuka polepole."

Delmar akageuka. Bawa la mtambo likamgonga Norbert kifuani, pale pale kwenye kovu lake.

"Umeniua," alisema Norbert. "Sasa ule mwembamba."

Mwembamba ukapita mbele ya mfuko wa shati lake, ukaacha nafasi ya kiganja.

"Huo hapo. Chukua huo."

"Lakini Norb, kasi yake ni ndogo. Na ulingoni niko peke yangu, nafasi ipo tele."

Norbert alipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi. Akatazama ukuta wa ndoana za samaki.

"Ulingo ule una viti viwili," alisema. "Au umeng'oa kimoja?"

"Sijang'oa."

"Basi."

Kendra akakumbuka ghafla kwamba kuna maboksi ya kupangwa upande mwingine wa duka. Delmar alikaa juu ya ndoo yake akiwa na mtambo mwembamba mapajani, koti likimchemsha, na moyo wake ukajaa mpaka hakujua aanzie wapi.

"Norb," alisema, "lile neno langu..."

"Lipi? Umesema mengi."

"Unalijua."

"Nalijua." Norbert akainuka, akaichukua ndoo yake kwa mkono. Hakuwa anatabasamu tena, wala hakuwa amekasirika. "Lile lilisemwa mbele ya watu mia moja na hamsini, Del. Usije kulifuta dukani, juu ya ndoo, tukiwa wawili."

Walirudi nyumbani wakizungumzia mvua na timu ya mpira. Delmar alikuwa amenunua ule mwembamba, na kila jioni wiki zilizofuata alipiga sahani za karatasi mbele ya Rosalie, ambaye alikuwa ameyahamishia maboga yake yote ndani ya ghala. Sahani zilipotoboka alizibandika kwenye friji, kama alivyobandika michoro ya wajukuu.

Jumamosi ya kwanza walipanda ulingoni kabla hapajapambazuka, Norbert mbele, Delmar nyuma, kila mmoja akipandisha mtambo wake kwa kamba. Chupa ya kahawa ilibaki chini, kwa kuwa kiti cha pili kilikuwa na mtu. Jua lilichomoza juu ya mahindi. Kunguru wa buluu walipiga kelele zao, kindi akawatukana kutoka tawi la jirani, na Norbert alinuka vilevile kama zamani, kitunguu na mafuta ya mashine. Delmar hakuwa na haja ya kitu kingine. Alijiambia hata kama hatatokea mnyama mpaka Januari, yeye amekwisha kuwinda.

Saa moja na nusu kulungu jike alitoka kwenye mahindi, upande wa Norbert, hatua kumi na nane. Norbert hakugusa mtambo wake. Alirudisha tu kiwiliwili nyuma, kama mtu anayempisha mwenzake kanisani. Delmar akageuka polepole. Bawa likapita mbele ya mfuko wa shati, kidole gumba kikiwa chini. Akangoja mnyama apige hatua moja zaidi, na mtambo ukasema neno lake fupi. Jike aliruka, akakimbia mpaka kwenye uzio, akalala.

"Sahani," alinong'ona Norbert.

"Sahani," alisema Delmar, na machozi yalimtoka bila aibu yoyote.

Mambo matamu yote hayo, lakini Oktoba ilikuwa inakuja, na Delmar alijua. Usiku wa kuamkia karamu hakulala vizuri. Alikuwa na hofu ya mtu mwenye sifa. Kwa miaka minane vijana wasiokuwepo siku ile walikuwa wakilirudia neno lake wakimpiga bega, lile zima na lile bovu, na wapo watano au sita pale parokiani walioacha kuwinda baada ya kuzeeka mikono badala ya kununua mtambo, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ukumbi ulijaa. Rosalie alikuwa ameoka paja la yule jike kwa uyoga na krimu, akalikata vipande vinene, akalipeleka kwenye meza yao kwanza. Norbert aliketi kulia kwa Delmar. Padre, ambaye alikuwa mzee sasa na anapenda paja kuliko injili, alionja akafumba macho.

"Nani ameleta huyu?"

"Mimi, padre."

"Wewe? Na bega hilo? Ulimvutia upinde gani?"

Meza ikanyamaza. Meza ya jirani nayo ikanyamaza, maana swali kama hilo halipiti kimya mahali pale. Delmar aliona nyuso zikigeuka mpaka kule kwenye masufuria ya kahawa. Angeweza kusema ni bahati, akabadilisha mazungumzo. Angeweza hata kusema neno jingine la kuchekesha. Lilikuwepo tayari kwenye ulimi. Alisimama.

"Kwa upinde wa mtambo," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni.

Kisha akachukua sahani yake mwenyewe, akaisukuma taratibu mbele ya Norbert, akaketi.

"Norb," alisema, "naomba unikatie nyama."

Kicheko kilichopasuka kilikuwa kikubwa kuliko cha miaka minane iliyopita. Watu walipiga meza. Rosalie alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini. Delmar aliwaacha wacheke, uso umeiva, mikono mapajani, akingoja kama mtoto anavyongoja.

Norbert hakucheka. Alikitazama kile kipande cha nyama muda mrefu. Akachukua kisu, akaanza kukata, taratibu, vipande vidogo vidogo vilivyolingana, huku mashavu yake yakilowa na yeye asiyafute. Kicheko kilipungua chenyewe, meza moja baada ya nyingine, mpaka kikabaki kisu kinachogusa sahani.

"Vinatosha hivi?" aliuliza.

"Vidogo zaidi kidogo," alisema Delmar.

Norbert akavikata tena. Akairudisha sahani. Kisha akaisukuma ya kwake mbele ya Delmar.

"Na mimi," alisema.

Delmar akachukua kisu kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akamkatia vipande vibaya visivyolingana, na Norbert akavila vyote.